Shajara ya mradi: kupunguza matumizi ya umeme katika jengo la umma

Jengo lenyewe ni la ghorofa nne: ofisi, ukumbi wa mikutano chini, chumba cha seva ghorofa ya pili, na maegesho ya magari chini ya ardhi. Lilijengwa enzi za tyubu laiti na viyoyozi vya dirishani, na tangu hapo kila idara imeongeza vifaa vyake bila kuuliza wengine. Kazi niliyopewa ni kushusha bili pasipo kuwatoa watu jasho. Naandika kadiri kazi inavyokwenda, hasa kwa ajili ya atakayenipokea.

Wiki ya 1: bili

Kabla ya kugusa swichi yoyote niliomba bili za miaka mitatu. Nilizipata kwa mhasibu. Idara ya majengo haikuwa na hata moja. Hilo peke yake lilinieleza mengi: anayelipa hajui kinachowashwa, na anayewasha hajawahi kuiona bili.

Ukitaja bili ya umeme, watu hufikiria uniti tu, yaani kilowati-saa. Kwa mteja mkubwa kwa kawaida kuna tozo nyingine mbili. Ya kwanza ni ya kilele. Mita hupima wastani wa nguvu inayovutwa katika kila kipindi kifupi, mara nyingi dakika 15 au 30, na kipindi kilichozidi vyote katika mwezi ndicho kinachotozwa. Mkiwasha kila kitu kwa pamoja asubuhi moja tu, mmeshalipia mwezi mzima. Ya pili ni adhabu ya pawa fakta (uwiano wa nguvu inayofanya kazi na ile inayovutwa), inayotokana na vifaa vyenye koili kama mota, kompresa na choki za taa (koili zinazodhibiti mkondo wa tyubu laiti), ambavyo huvuta mkondo mkubwa kuliko unaohitajika kwa kazi vinayoifanya. Kwenye bili zetu adhabu hiyo ilikuwepo kila mwezi na hakuna aliyewahi kuiulizia.

Wiki ya 2: mita ndogo

Tumefunga mita ndogo kwenye bodi kuu na moja kwa kila ghorofa. Mkandarasi alimaliza haraka, akasaini, akaondoka. Siku iliyofuata ghorofa ya tatu ilionekana kutumia kama theluthi tu ya ghorofa ya pili, ingawa ofisi ni zilezile na viyoyozi ni vilevile. Bosi alifurahi sana, akataka wa ghorofa ya tatu waandikiwe barua ya pongezi.

Nilimwomba asubiri. Umeme wa ghorofa huja kwa nyaya tatu, yaani fezi tatu, na mita yake hupima kwa vibano vinavyozunguka nyaya, na kila kibano kina mshale unaoonyesha umeme unaelekea wapi. Kimoja kikifungwa kinyume, mita huhesabu fezi ile kuwa inarudisha umeme. Mbili zinajumlishwa, moja inatolewa, inabaki moja kati ya tatu. Tukafungua bodi: kibano cha fezi ya tatu kilikuwa kimegeuka. Tangu hapo, jumla ya ghorofa zote lazima ikaribiane na mita ya bodi kuu ndipo niamini namba yoyote.

Wiki ya 3: Jumapili usiku

Hii ndiyo wiki iliyonifundisha zaidi.

Mchoro wa matumizi ulionyesha kitu ambacho sikukitarajia kwa ukubwa ule: wikiendi nzima, jengo likiwa tupu, mzigo haukushuka chini ya theluthi moja ya mzigo wa mchana wa kazi. Wiki moja ina saa 168. Watu wapo kwa saa 50 hivi. Ukipunguza matumizi ya mchana kwa jasho kubwa na kuyaacha ya usiku, umehangaikia sehemu ndogo ya wiki.

Kwa hiyo Jumapili usiku nilizunguka na mlinzi wa zamu, yeye na funguo zake, mimi na tochi. Feni za kutolea hewa chafu kwenye maegesho zilikuwa zinanguruma na gari hata moja hakuna. Taa za ngazi zote nne zinawaka. Mashine za maji ya kunywa, moja kila korido, zinachemsha upande mmoja na kupoza upande wa pili usiku kucha. Kuna ofisi iliyofungwa kwa kufuli ambayo kiyoyozi chake kilisikika kupitia mlango. "Hiki mbona hakizimwi, mkuu," mlinzi akaniambia. "Mwenyewe yuko safari, na ufunguo anao yeye."

Kikubwa kuliko vyote kilikuwa chumba cha seva. Ndani kuna viyoyozi viwili, vyote vimewekwa nyuzi 17, na nyuma ya mlango linaning'inia koti zito la yeyote atakayelazimika kuingia. Nilipima hewa mbele ya makabati, mahali seva zinapovutia pumzi, kisha nyuma zinapoitoa. Mbele, chini, palikuwa baridi kupita kiasi. Mbele, juu, palikuwa na joto kuliko nilivyotegemea, na sababu ilionekana kwa macho: katikati ya kabati kulikuwa na nafasi wazi zisizo na kifaa, na hewa moto ya nyuma ilipenya humo ikarudi mbele. Seva za juu zilikuwa zinavuta pumzi yao wenyewe. Mtu wa kompyuta aliliona joto lile na kushusha nyuzi za chumba kizima, akapoza chumba kizima kwa kosa la mianya michache.

Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na ubaridi cha Marekani, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Tumeziba mianya kwa vibao vya bati na kupanga nyaya zilizokuwa zimefunika njia ya hewa. Mkuu wa kompyuta hakutaka kusikia habari ya nyuzi 24, na namwelewa: seva ikizima, anayeitwa ni yeye, mimi sitafutwi. Tulikubaliana tupandishe nyuzi moja kila wiki, kipima joto kikiwa mbele ya seva ya juu kabisa, na yeye awe na haki ya kurudisha wakati wowote bila kuniuliza.

Wiki ya 4

Taima kwenye mashine za maji na kwenye taa za ngazi, ila tumeacha taa chache za dharura. Feni za maegesho zimewekewa vihisi vya kaboni monoksaidi, ziwake pale moshi wa magari unapopanda. Hakuna aliyelalamika, na sidhani kama kuna aliyegundua.

Wiki ya 6: taa

Hapa nitakuwa na maneno mengi, maana ndipo pesa ya umma hupotelea kwa urahisi zaidi.

Tyubu laiti ya futi nne imeandikwa wati 36, lakini choki yake nayo hula, kwa hiyo taa moja yenye choki ya zamani huvuta takriban wati 45. Tyubu ya LED ya wati 18 huchukua nafasi yake vizuri. Na kila wati ya taa hugeuka joto ndani ya chumba, joto ambalo kiyoyozi lazima kilitoe. Kiyoyozi cha kawaida huondoa takriban wati tatu za joto kwa kila wati moja ya umeme, hivyo katika vyumba vyenye viyoyozi, ukipunguza wati tatu za taa umepunguza na moja ya ubaridi. Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kusitisha utengenezaji, uagizaji na uuzaji nje wa tyubu za fluoresenti, yaani tyubu laiti, ifikapo 2027. Atakayezing'ang'ania atakosa za kubadilishia.

Shida ni ununuzi. Zabuni ya kwanza, iliyoandikwa kabla sijafika, ilisema tu "taa za LED, wati 18", na mshindi angekuwa wa bei ya chini. Wati ni kipimo cha kinacholiwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na kati ya tyubu mbili za wati 18 moja inaweza kutoa mwanga mwingi kuliko nyingine kwa tofauti inayoonekana kwa macho. Tumeandika upya: lumeni kwa kila wati, uwezo wa kuonyesha rangi usiopungua 80, pawa fakta isiyopungua 0.9, isiyopepesa, na dhamana ya miaka mitano itakayoshughulikiwa na muuzaji mwenyewe. Afisa manunuzi aliniuliza kama nataka kumpendelea mtu. Nikamwonyesha kwamba hakuna jina la kampuni mahali popote, ni vipimo tu, na tukawasha sampuli mbili mezani kwake na kuziangalia kupitia kamera ya simu. Moja ilichora mistari myeusi inayotembea kwenye kioo, ishara kwamba inapepesa. Hakubisha tena.

Kabla ya kubadilisha tulipima mwanga mezani. Kiwango cha Ulaya, EN 12464-1, kinataka luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) pale mtu anaposoma na kuandika, na 100 kwenye korido. Korido zetu zilikuwa na mwanga kuliko baadhi ya meza. Tumeondoa taa moja kati ya mbili kwenye korido zote, na tukaongeza mbili kwenye masijala, ambako wahudumu walikuwa wakisoma namba za majalada kwa tochi za simu.

Jambo la usalama, kwa mafundi: tunang'oa choki na stata kabisa na kuunganisha waya upya, umeme uingie upande mmoja wa tyubu. Kuanzia hapo fremu ile ni ya LED tu. Siku moja mtu akirudisha tyubu ya zamani, au aina ya LED inayounganishwa tofauti, anaweza kusababisha shoti. Kila fremu imebandikwa kibandiko ndani, pale mkono wa fundi unapofika. Tyubu za zamani zina zebaki. Zimefungwa kwenye maboksi yake na kuhifadhiwa stoo hadi zichukuliwe na wanaoruhusiwa. Nimekuta mbili zimetupwa kwenye pipa la kawaida. Nimeongea na waliohusika.

Wiki ya 8: viyoyozi

Rimoti nyingi zipo nyuzi 16. Nikiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Nikitoka juani nataka chumba kipoe haraka." Kwa kiyoyozi cha kawaida, ambacho kompresa yake ina kasi moja, 16 na 25 hupoza kwa mwendo uleule. Tofauti ni kwamba chenye 25 kitafika na kupumzika, na chenye 16 hakitafika kamwe. Vya inveta huongeza kasi kidogo mwanzoni, lakini navyo havitapumzika. Tumekubaliana nyuzi 25 pamoja na feni za darini, kwa sababu upepo juu ya ngozi humfanya mtu ahisi nafuu ya nyuzi mbili au tatu huku feni ikila sehemu ndogo sana ya umeme wa kiyoyozi.

Filta zilikuwa na vumbi zito. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia liko nyuma ya jengo, kwenye uwazi mwembamba kati ya kuta mbili, ambako mashine za nje zimepangwa moja juu ya nyingine tangu chini hadi ghorofa ya nne. Nilipanda na kipima joto. Ya chini inavuta hewa ya kawaida na kutema ya moto. Hewa moto inapanda. Ya pili inaivuta hiyohiyo, inaongeza yake, inatema. Kufika juu, mashine zinajaribu kutupa joto kwenye hewa ambayo tayari ni moto kupindukia. Kadiri hewa ya nje inavyokuwa moto ndivyo kompresa inavyosukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo wa ghorofa ya nne wana bili kubwa kuliko wote na bado wanalalamika joto. Miaka yote hiyo waliletewa fundi wa kuongeza gesi. Gesi haikuwa na tatizo.

Tumehamishia mashine za ghorofa mbili za juu kwenye paa, chini ya kivuli kilicho wazi pande zote. Zilizobaki zimewekewa mabati yanayoelekeza pumzi yake mbali na ukuta. Kuhamisha kuligharimu fedha, lakini ilikuwa rahisi kuliko viyoyozi vipya vilivyokuwa vimeombwa.

Madirisha ya upande wa jua la jioni yana mapazia mazito ndani. Pazia linazuia mwanga mkali, lakini likishapata jua, kioo kimeshapitisha joto na joto limo chumbani. Kivuli lazima kiwe nje ya kioo. Tumependekeza mabawa ya alumini nje ya madirisha hayo tu. Pande nyingine hazihitaji. Paa la zege jeusi litapakwa rangi nyeupe inayorudisha jua. Saa sita mchana, anga likiwa wazi, jua hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paa jeusi hunywa sehemu kubwa yake.

Wiki ya 10: pampu na feni

Muuzaji mmoja alikuja na vidhibiti mwendo, akataka tufunge kwenye kila mota jengoni. Hoja yake ni ya kweli nusu. Nguvu inayohitajika na feni hufuata kipeo cha tatu cha mwendo wake, yaani ukiizungusha kwa asilimia 80 ya kasi, inakula takriban nusu tu ya umeme. Kwa feni za maegesho na za ukumbi tumekubali, kwa sababu hewa inayohitajika hubadilika saa kwa saa.

Kwa pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu tumekataa. Kazi yake kubwa ni kuinua maji kwa kimo kilekile daima. Ukipunguza kasi, inachelewa kujaza, na ukizidi kupunguza, maji hayafiki kabisa. Sheria ya kipeo cha tatu haifanyi kazi pale. Pampu ilikuwa inakimbia muda mrefu kwa sababu boya la tangi lilikuwa limekwama na maji yakifurika kupitia bomba la juu. Boya jipya. Basi.

Wiki ya 11: watu

Vibandiko vya "Zima taa" vimebandikwa hapa tangu zamani na hakuna anayevisoma. Tumefanya mambo mawili tu. Wahudumu wa usafi, ambao jioni walikuwa wanawasha jengo lote, sasa wanamaliza ghorofa moja ndipo wahamie nyingine. Wazo ni la msimamizi wao, na alilitoa kabla sijamaliza kuuliza. Na mlinzi wa usiku ana orodha fupi ya vitu vya kukagua na kuzima, pamoja na funguo za akiba za ofisi zote, jambo lililohitaji kibali cha juu kabisa na vikao ambavyo sitavielezea.

Kuna athari niliyoiona mapema: kwa kuwa sasa "hizi hazili umeme", taa za LED zinaachwa zikiwaka. Msalani vihisi vya mwendo vimewekwa. Maofisini bado tunajadiliana, maana mtu anayesoma kimya huzimiwa taa na kihisi kibaya.

Wiki ya 13: kulinganisha

Bosi anataka asilimia. Kulinganisha mwezi huu na uliopita kungempa namba nzuri, kwa sababu mwezi huu hali ya hewa imepoa. Umeme ambao haukutumika hauna mita ya kuupimia. Kinachowezekana ni kukadiria jengo lingekula kiasi gani kwa joto hilohilo na siku hizohizo za kazi kama tusingelifanyia kitu, kisha kutoa kilicholiwa kweli. Nimechora bili za miaka mitatu dhidi ya joto la nje la kila mwezi na kupata mstari wa kulinganishia. Tuko chini ya mstari, kwa tofauti iliyo wazi, na usiku zaidi ya mchana. Kilele nacho kimeshuka tangu viyoyozi vianze kuwaka kwa zamu asubuhi, ghorofa baada ya ghorofa. Asilimia nitaitoa baada ya msimu wa joto kupita.

Jambo moja linanisumbua. Kinachookolewa kinarudi mfuko mkuu, na bajeti ya matengenezo ya jengo haiongezeki hata senti. Mwaka kesho filta zitakuwa na vumbi tena na hakutakuwa na fungu la kuzisafisha. Nimeandika kuomba sehemu ya akiba ibaki kwenye jengo. Kuna nchi zinazotumia mkataba ambapo kampuni hugharamia kazi na kulipwa kutokana na akiba iliyopimwa; hata huko, bila mstari wa kulinganishia uliokubaliwa na pande zote kabla ya kuanza, huishia kwenye ugomvi.

Wiki ya 14: yanayosubiri

Kapasita, yaani vifaa vinavyorekebisha pawa fakta. Benki (seti) yake ya zamani kwenye bodi kuu ina makopo yaliyovimba na ilikuwa imeshaombewa mpya kwa ajili ya ile adhabu ya pawa fakta. Nimesimamisha ununuzi. Tumeng'oa mamia ya choki, na choki ndizo zilizokuwa sehemu kubwa ya tatizo. Benki ya ukubwa ulioombwa sasa ingerekebisha kupita kiasi. Tunaitenga ile mbovu kwa usalama, tunapima upya, ndipo tununue ndogo ikiwa bado inahitajika.

Paneli za sola. Wakuu wanazitaka tangu siku ya kwanza, na ni kweli zinaonekana vizuri zaidi kwenye picha kuliko boya la tangi. Sizipingi. Nimeomba zisubiri hadi paa lipakwe rangi na mzigo mpya ujulikane, zisije zikanunuliwa kwa ajili ya umeme tulioacha kuutumia, na zisije zikang'olewa ili fundi wa rangi apite.

Ukumbi. Zabuni ya kiyoyozi kipya iliandikwa kwa kukisia kutoka mashine ya zamani. Nimehesabu upya kwa taa mpya, mabawa ya madirishani, paa jeupe, na watu kwa takriban wati 100 za joto kila mmoja wakiwa wamekaa. Inatosha mashine ndogo kuliko iliyoandikwa. Faili limerudi kwa afisa manunuzi na linasubiri saini.

Chumba cha seva kiko nyuzi 22. Koti bado linaning'inia mlangoni. Wiki ijayo: kusafisha koili za ghorofa ya tatu, kupima pawa fakta kwenye bodi kuu mchana wa kazi, na kumkabidhi fundi wa jengo nywila ya mita ili asome mwenyewe bila kunisubiri.